Barua taka na utapeli wa barua pepe: mwongozo kwa wafanyabiashara wa Nyanza-Lac na Rumonge

Mfanyabiashara wa Nyanza-Lac huwa na wateja na wauzaji katika nchi zaidi ya moja. Mawese na ndagala wa mwambao wa Burundi huuzwa ndani na nje ya nchi. Bidhaa za dukani huingia kutoka Kigoma kwa boti, au kwa barabara kupitia Manyovu, Mugina na Mabanda. Ng'ambo ya ziwa kuna masoko ya Kongo, na bandari ya Dar es Salaam ndiyo mlango wa mizigo mingi inayotoka mbali. Katika biashara ya namna hii watu wengi wanaodaiana hawaonani kila siku. Wanaandikiana barua pepe, wanatumiana ankara kwa simu, na pesa zinatangulia kabla ya mzigo.

Nafasi hiyo kati ya pesa na mzigo ndiyo anayoitafuta tapeli. Makala hii inaeleza barua taka ni nini, mitego inayotumika zaidi dhidi ya wafanyabiashara wa mpakani, namna ya kuichunguza barua yenye mashaka, na hatua za kuchukua pesa zikiwa zimeshatumwa. Kanuni moja inapita katika sehemu zote: barua pepe peke yake isitoshe kuhamisha pesa.

BARUA TAKA NI NINI?

Barua taka ni ujumbe unaotumwa kwa watu wengi kwa pamoja bila wao kuuomba. Nyingine ni matangazo tu, zinakera lakini haziibi. Nyingine ni utapeli. Jina lake la Kiingereza, spam, ni la nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937. Lilipata maana ya usumbufu kutokana na mchezo wa kuchekesha wa Monty Python wa mwaka 1970, ambamo neno hilo linarudiwa mpaka linafunika mazungumzo yote.

Ujumbe unaotajwa mara nyingi kuwa barua taka ya kwanza ulitumwa Mei 1978 na Gary Thuerk, mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya DEC ya Marekani, kwa watu mia kadhaa wa mtandao wa ARPANET. Mwaka 1994 mawakili wawili wa Marekani, Laurence Canter na Martha Siegel, walijaza mabaraza ya mtandaoni kwa tangazo la huduma zao katika bahati nasibu ya kadi ya kijani. Chambo hicho cha viza kimeendelea kutumiwa na matapeli mpaka leo.

Januari 2004 Bill Gates alitabiri kwamba tatizo la barua taka lingekwisha ndani ya miaka 2. Halikwisha. Sababu ni kwamba kutuma barua milioni moja hakugharimu karibu chochote. Akijibu mtu mmoja tu na kutuma pesa, tapeli amepata faida.

Sababu nyingine ni ya kiufundi. Utaratibu wa kupeleka barua pepe uliowekwa mwaka 1982 haukuwa na njia ya kuthibitisha mtumaji. Mtu angeweza kuandika jina lolote katika sehemu ya mtumaji, kama vile mtu anavyoweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha. Uthibitisho uliongezwa baadaye, na tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawadai watumaji wa barua nyingi wautumie. Hata hivyo uthibitisho huo unaonyesha tu kwamba barua imetoka katika anwani inayodai. Hauonyeshi kwamba mwenye anwani ni mwaminifu.

MITEGO INAYOTUMIKA ZAIDI

1. Kubadilishwa kwa namba ya akaunti

Huu ndio mtego unaomuumiza zaidi mfanyabiashara, kwa sababu unaingia katikati ya biashara ya kweli. Tapeli huiba neno la siri la barua pepe ya muuzaji au la mnunuzi. Haibi kitu siku hiyo. Anasoma barua kimya kimya, anajua mzigo gani umeagizwa, bei yake na siku ya malipo. Siku hiyo ikikaribia, anatuma ankara inayofanana na ile ya kweli. Kilichobadilika ni namba ya akaunti tu.

Kwa mfano, mnunuzi wa Rumonge amezoea kununua bidhaa kwa muuzaji mmoja wa Kigoma. Inakuja barua: "Akaunti yetu ya zamani iko kwenye ukaguzi. Malipo ya safari hii tuma kwenye akaunti hii mpya." Jina ni lile lile, salamu ni zile zile, hata idadi ya mifuko ni sahihi. Mnunuzi analipa. Baada ya siku 3 muuzaji wa kweli anapiga simu kuuliza pesa ziko wapi, na kila mmoja anaamini kwamba mwenzake ni mwongo. Hapo hasara ni mbili: mtaji umepotea, na uhusiano uliojengwa kwa miaka unavunjika.

Makampuni makubwa pia yamenaswa. Kati ya 2013 na 2015 raia wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alisajili kampuni yenye jina sawa na la Quanta Computer ya Taiwan, akazitumia Google na Facebook ankara za uongo. Zililipa zaidi ya dola milioni 100. Alihukumiwa mjini New York Desemba 2019 kifungo cha miaka 5. Kwa mwaka 2023 pekee, kituo cha FBI kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa intaneti kiliandikisha hasara ya dola bilioni 2.9 kutokana na utapeli wa namna hii.

Afrika Mashariki inaujua mtego huu kwa sura fupi zaidi. Nchini Tanzania umezoeleka ujumbe wa simu usemao: "Ile pesa itume kwenye namba hii." Anayeutuma hajui kama mpokeaji anadaiwa. Anautuma kwa maelfu ya namba, akijua kwamba miongoni mwao wapo watu ambao asubuhi hiyo walikuwa wanajiandaa kumtumia mtu pesa.

2. Mnunuzi mkubwa wa ghafla

Barua inatoka kwa "kampuni" ya Ulaya au ya Ghuba inayotaka tani nyingi za mawese au kahawa, bila kujadili bei na bila kuomba sampuli. Baada ya barua mbili tatu inakuja gharama ndogo: ada ya kumsajili muuzaji, ada ya mwanasheria, ada ya cheti. Ikilipwa, inazuka nyingine. Biashara yenyewe haipo. Ada ndiyo biashara.

Sura nyingine ya mtego huu ni zabuni ya uongo yenye nembo ya Umoja wa Mataifa au ya shirika la misaada. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya zabuni, na kujisajili kuwa muuzaji katika soko lake la mtandaoni kwa ngazi ya kawaida ni bure.

3. Muuzaji wa bei ya chini mno

Magari yaliyotumika kutoka Japan, simu, injini za boti na paneli za sola hutangazwa kwa nusu ya bei ya kawaida, malipo yote yakitakiwa mapema. Picha ni za kweli lakini zimeibwa katika tovuti nyingine. Kwa magari, mnunuzi anaweza kuangalia kama kampuni hiyo ni mwanachama wa JUMVEA, chama cha Japan cha wauzaji wa magari yaliyotumika nje ya nchi. Jina la kampuni litafutwe katika orodha ya chama chenyewe, si katika kiungo kilichotumwa na muuzaji.

4. Uvuvi wa neno la siri

Jina la Kiingereza la mtego huu limetokana na uvuvi. Kama vile taa ya mvuvi inavyowavuta ndagala usiku, barua humvuta mpokeaji kwa hofu: "Akaunti yako itafungwa leo", "Mzigo wako umezuiwa forodhani", "Ankara iko kwenye kiambatanisho". Akibofya, anafunguliwa ukurasa unaofanana na wa benki, wa Gmail au wa mamlaka ya mapato. Neno la siri analoliandika pale linamfikia tapeli moja kwa moja. Mara nyingi mtego wa kwanza katika orodha hii huanzia hapa.

WhatsApp nayo inavuliwa hivyo hivyo. Mtu huombwa "kwa makosa" amtumie mwenzake namba 6 zilizoingia kwenye simu yake. Namba hizo ndizo ufunguo wa akaunti yake. Akizitoa, wateja wake wote wataanza kuombwa mikopo kwa jina lake.

5. Urithi, dhahabu na mjane wa rais

Utapeli huu unaitwa 419, kutokana na kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu. Barua za miaka ya mwisho ya 1990 na ya 2000 zilidai kutoka kwa jamaa za Mobutu Sese Seko, aliyeondolewa madarakani mwaka 1997, au za Laurent-Désiré Kabila, aliyeuawa Januari 2001. Mwandishi alidai ana mamilioni yaliyofichwa na anahitaji mtu mwaminifu wa kuyatoa. Leo hadithi hiyo imegeuzwa kuwa ya dhahabu ya Kongo inayosubiri "ushuru mdogo" uwanja wa ndege. Mali ya kweli haitafuti mgeni wa kuilipia ushuru.

6. Viza na uhamisho wa wakimbizi

Familia nyingi za mwambao huu zimepitia ukimbizi Tanzania, na baadhi zina ndugu ng'ambo. Matapeli wanalijua hilo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imekuwa ikieleza kwamba haiwatumii washindi wa bahati nasibu ya viza barua pepe ya kuwajulisha kuwa wameshinda. Mwombaji huangalia mwenyewe katika tovuti ya serikali kwa namba yake ya uthibitisho. Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, nalo linasisitiza kwamba huduma zake zote ni bure, ikiwemo kuhamishiwa nchi ya tatu.

NAMNA YA KUICHUNGUZA BARUA

Zamani lugha mbovu ilikuwa dalili nzuri. Siku hizi programu za kompyuta huandika Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili kizuri, hivyo barua iliyoandikwa vizuri si ushahidi wa uaminifu. Dalili zifuatazo zina uzito zaidi.

Anwani kamili. Jina linaloonekana juu ya barua huandikwa na mtumaji kama apendavyo. Bofya jina hilo ili anwani yenyewe ionekane, kisha isomwe herufi kwa herufi. Matapeli hubadilisha herufi moja tu: "m" inageuzwa "rn", "l" inageuzwa tarakimu 1.

Anwani ya majibu. Barua inaweza kuonyesha anwani sahihi, lakini mtu akibonyeza kujibu, jibu likaelekea anwani nyingine. Iangaliwe kabla ya kutuma.

Mwisho wa anwani. Ofisi za serikali ya Tanzania hutumia anwani zinazoishia na go.tz, za Kenya go.ke, za Uganda go.ug, na za Burundi gov.bi. Kinachohesabika ni mwisho wa jina la tovuti, si mwanzo wake. Jina linaloanza na neno la forodha lakini likaishia kwingine si la forodha.

Namba ya simu. Burundi ni 257, Tanzania 255, Kongo 243, Rwanda 250, Uganda 256, Kenya 254, Zambia 260. "Wakala wa Kigoma" mwenye namba ya nchi nyingine anahitaji maelezo.

Nchi ya benki. Namba ya utambulisho wa benki ya kimataifa, ya SWIFT, ina herufi na tarakimu 8 au 11. Herufi ya 5 na ya 6 zinataja nchi: BI ni Burundi, TZ Tanzania, CD Kongo, CN China, AE Falme za Kiarabu, JP Japan. Muuzaji wa China anayetaka kulipwa katika benki ya nchi isiyohusika na biashara hiyo anatia shaka.

Namba ya kontena. Ina herufi 4, ya nne kwa kawaida ikiwa U, na tarakimu 7. Namba hiyo na hati ya shehena vinaweza kuangaliwa katika tovuti ya kampuni ya meli. Anwani ya tovuti iandikwe na mnunuzi mwenyewe, asitumie kiungo alichotumiwa.

Haraka na siri. "Lipa kabla ya saa 10", "usimwambie mtu", "simu yangu ni mbovu, tuandikiane tu." Maneno haya matatu yakikutana katika barua moja, malipo yasimame.

KANUNI YA SIMU YA PILI

Kinga yenye nguvu kuliko zote haihitaji kompyuta. Kila barua inayoomba pesa, au inayobadilisha akaunti ya malipo, ithibitishwe kwa njia nyingine. Mnunuzi ampigie muuzaji kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa ndani ya barua mpya. Asikie sauti yake, amsomee namba ya akaunti, muuzaji airudie. Panapowezekana, mtu wake wa Kigoma, wa Uvira au wa Dar es Salaam aende dukani.

Wabia wanaofanya biashara mara kwa mara wanaweza kukubaliana mapema, ana kwa ana, mambo mawili: kwamba akaunti ya malipo haitabadilishwa kwa barua, na kwamba patakuwa na neno la siri la kuulizana kwenye simu. Ushirika na vikundi vya akina mama wauza samaki vinaweza kuweka sharti kwamba malipo yanayozidi kiasi fulani yaidhinishwe na watu wawili. Haraka haraka haina baraka, na mtaji wa kikundi si wa mtu mmoja kuharakishwa nao.

Kwa muuzaji mpya, malipo yagawanywe: sehemu ndogo mwanzo, iliyobaki mzigo ukishakaguliwa. Anayekataa kabisa utaratibu huo aachwe.

KUZUIA BARUA TAKA KILA SIKU

- Barua taka isijibiwe, hata kwa matusi. Jibu linamthibitishia mtumaji kwamba anwani ina mtu.
- Iwekwe alama ya barua taka badala ya kufutwa tu. Kichujio hujifunza kutokana na alama hizo.
- Kasha la barua taka likaguliwe mara kwa mara, kwa sababu oda ya kweli inaweza kuangukia humo.
- Anwani ya biashara itenganishwe na ile ya kujiandikisha katika tovuti mbalimbali.
- Neno la siri liwe refu, lisirudiwe katika akaunti nyingine, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe.
- Kwenye kompyuta ya kibanda cha intaneti au simu ya kuazima, mtu atoke kwenye akaunti yake kabla ya kuondoka, na akatae neno la siri lisihifadhiwe.
- Kiambatanisho kisichotarajiwa kisifunguliwe mpaka mtumaji aulizwe kwa simu.

PESA ZIKISHATUMWA

Saa za kwanza ndizo zenye matumaini, hivyo aibu isimcheleweshe mtu. Hatua zifuate mpangilio huu:

Kwanza, piga simu benki au nenda mwenyewe, uombe malipo yasimamishwe na benki iliyopokea ijulishwe. Kama ni Lumicash, EcoCash au huduma nyingine ya simu, piga namba ya huduma kwa wateja mara moja, uwe na namba ya muamala mkononi.

Pili, badilisha neno la siri la barua pepe ukitumia kifaa kingine. Kisha fungua mipangilio ya akaunti uangalie kama kuna amri ya kupeleka nakala za barua kwenye anwani usiyoijua, au kichujio kinachoficha barua za mteja fulani. Matapeli huacha mlango huo wazi ili waendelee kusoma hata neno la siri likishabadilishwa.

Tatu, usifute kitu. Barua, ankara, risiti na namba za simu ni ushahidi.

Nne, wajulishe wabia wote kwa simu, maana huenda wao ndio wanaofuata.

Tano, toa taarifa polisi. Burundi ilitunga mwaka 2022 sheria ya kuzuia na kuadhibu uhalifu wa kimtandao. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo pia inagusa ujumbe unaotumwa bila kuombwa. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, imeweka namba 15040 ambayo watumiaji wa laini za nchi hiyo huitumia kuripoti namba za matapeli. Kwa kuwa pesa huvuka mpaka, taarifa itolewe katika nchi ya mnunuzi, na muuzaji wa kweli naye aripoti katika nchi yake.

Mwisho, kuna tapeli wa mara ya pili. Baada ya wiki kadhaa anajitokeza "mpelelezi" au "mwanasheria" anayedai pesa zimepatikana na kwamba ada kidogo tu inahitajika ili zirudishwe. Mara nyingi ni yule yule wa kwanza, au mtu aliyeuziwa majina ya waliokwisha kulipa.

KWA UFUPI

Soma anwani yote. Usibofye kiungo cha benki, forodha au kampuni ya meli, andika anwani mwenyewe. Akaunti ikibadilika, piga simu kwa namba ya zamani. Muuzaji mpya alipwe kwa awamu. Neno la siri na namba 6 za WhatsApp hazipewi mtu yeyote. Pesa zikipotea, benki ijue leo, si kesho.